Picha ya Kisimani Imefika Dodoma

Jumatatu, 7 Februari 1955

Darasani tangu asubuhi. Herufi ya leo ni m. Mama, meza, moto, ubao mzima. Vumbi la chaki ndani, vumbi la barabara dirishani. Koo limekauka. Nyumbani nikachota maji, nikafua nguo za mwanangu Zainabu, nikainjika mlenda.

Mume wangu Ramadhani karudi kutoka kazini stesheni jua likizama. Anavua viatu, ananiambia kaona tangazo limebandikwa ukutani kwa sinema. Ile picha ya Kisimani imetengenezwa upya. Wachezaji wapya. Ya rangi. Inakuja Dodoma mwezi huu huu.

Nikamwambia arudie. Akarudia kama anayetaja bei ya vitunguu.

Mlenda umeungua. Tumekula ugali na maziwa.

Jumanne, 8 Februari

Nimepita sinema baada ya shule. Tangazo ni kubwa kuliko mlango wenyewe. Binti mfalme ameinama juu ya kisima, mkono kwenye kamba. Uso si ule wa zamani. Huyu ni mdogo, macho makubwa, shingo ndefu. Sari ya manjano. Nimesimama juani mpaka mwenye duka la baiskeli akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Manjano. Picha ya zamani haikuwa na rangi hata moja, na miaka yote hii niliamini sari ile ni nyeupe. Mwenzangu alibisha kwamba ni ya kijani. Tulibishana hadi tukarushiana maganda ya karanga. Kumbe wote tulikosea. Au hawa wapya ndio waliokosea.

Sitaki waiguse. Nasema wazi. Kitu kizuri kiachwe kilivyo.

Na bado nitakwenda. Hilo pia nasema wazi.

Alhamisi, 10 Februari

Mama Nyemo wa chumba cha pili ananisumbua bombani. Kila mtu mtaani anataja Kisimani, na yeye hajui ni nini. Ni Mgogo wa Mvumi, hajawahi kuingia sinema. Nikamsimulia huku ndoo zinajaa.

Binti mfalme hana ruhusa ya kutoka nje. Alfajiri anatoroka kwenda kisimani, anakutana na msichana mteka maji. Wanapendana kama ndugu. Mfalme anapojua, anaamuru kisima kifukiwe. Kuna kijana mzuri pia, kuna vita, kuna farasi. Lakini kinachopendwa ni wimbo. Sauti mbili, alfajiri, ndoo inashuka. Binti mfalme anauliza, mteka maji anajibu. Nani kakuamsha? Maji yameniamsha. Nani kakutuma? Kiu imenituma. Santuri yake imechezwa katika kila duka la Kihindi kuanzia Kondoa mpaka Singida. Hata madereva wa malori wanaijua, na hawajui maana ya neno moja.

Mama Nyemo akasema yeye mambo ya sinema hayamhusu. Tumefika mlangoni na ndoo zetu, akauliza ni siku gani.

Ijumaa, 11 Februari

Basi niandike jina lake, litoke.

Kulsum. Baba yake alikuwa na duka Kondoa, la samli, nta na nguo. Baba yangu alikuwa mpimaji wake kwenye mizani. Ua wao na wetu ulitenganishwa na michongoma tu, na michongoma ilikuwa na tundu. Mimi nilijifunza Kihindi jikoni kwao. Yeye alijifunza Kirangi jikoni kwetu. Lori la sinema lilipokuja Kondoa, wakatundika shuka kwenye ukuta wa ghala, tuliketi mbele kabisa tumejifunika blanketi moja. Tangu usiku ule wimbo ukawa wetu. Mimi binti mfalme, yeye mteka maji, kwa sababu sauti yake ni nzito na yangu ni nyembamba. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yake alitusikiliza huku anakaanga sambusa na akifurahi alituongezea.

Kisha arusi yake. Nilikwenda na kanga mpya, nimejipaka wanja. Shangazi yake mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, akanipokea mlangoni akanionyesha njia ya uani, kwa wanawake wanaoosha masufuria. Nikadhani amekosea. Nikamtafuta Kulsum kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha bibi arusi na aliniona. Akainamisha uso, akatazama hina yake.

Uani wakanipa kisu na vitunguu. Nikamenya kimoja. Machozi yakanitoka, nikashukuru kwamba watu watadhani ni kitunguu. Nikaondoka.

Sasa yuko hapa Dodoma, mke wa mwenye duka la vitambaa. Mimi pia nipo, mke wa Ramadhani, mwalimu wa darasa la kwanza. Tumekutana sokoni Majengo zaidi ya mara moja. Mmoja anatazama nyanya, mwingine anatazama viazi. Tumezoea.

Atakwenda kuiona picha. Najua kama ninavyojua jina langu.

Jumapili, 13 Februari

Reli imekatika. Mvua kubwa imenyesha kule Gulwe na Kidete, mto umebeba tuta la reli. Huku kwetu hata tone. Anga ni jeupe tu.

Treni ya kutoka Dar es Salaam imesimama porini, ng'ambo ya maji, abiria wanakula mihogo ya kununua kwa wanakijiji. Na picha imo katika treni hiyo. Ramadhani ni karani wa mizigo, ameiona katika telegramu waliyoletewa. Mikebe ya sinema, dhaifu kwa maji, iangaliwe sana.

Anasema wakichelewa zaidi, mikebe itapitishwa moja kwa moja hadi Tabora, kwa sababu huko wana tarehe yao. Dodoma itarukwa.

Sikujua nilivyoitaka mpaka niliposikia neno hilo, itarukwa. Nimekasirika na mto.

Jumatano, 16 Februari

Bado. Mjini hawana habari nyingine. Muuza kahawa anasema picha imezama. Fundi cherehani anasema haikuzama, ila rangi imetoka. Darasani Mwajuma kaniuliza kama rangi ikitoka mto utakuwa mwekundu. Sikucheka. Nilikuwa nawaza jambo hilo hilo.

Ramadhani jioni kanawa mikono. Akasema, "Ukienda utamwona."

Nikamjibu ukumbi ni mkubwa.

Alhamisi, 17 Februari

Imefika.

Niandike alivyonieleza Ramadhani, maana amenieleza mara mbili na mara zote mbili nilisisimka. Treni ya upande huu ilikwenda mpaka pale reli ilipokatika. Kati yake na ile nyingine, tope na maji ya kiunoni. Wabebaji wakajipanga, wakavuka na mizigo kichwani. Mifuko ya barua, mtoto mchanga wa abiria mmoja ndani ya beseni, na mikebe ya picha, mmoja mmoja, imefungwa turubai. Mlinzi wa treni anasema watu walipoambiwa ndani ya mikebe kuna nini, waliacha kupiga kelele. Wakavuka kimya kama wamebeba jeneza. Mmoja akateleza, akazama mpaka kidevuni. Mkebe haukulowa.

Ramadhani kaupokea kwa mikono yake. Mzito kama mfuko wa chumvi, anasema. Na baridi. Akaniambia aliweka sikio, akaona haya, akautua.

Mume wangu huyu, asiyejali hata ngoma. Aliweka sikio.

Onyesho la wanawake ni Jumamosi alasiri.

Jumamosi, 19 Februari

Nimerudi. Nijaribu kwenda kwa utaratibu.

Barabara ya sinema ilijaa wanawake tu. Buibui, sari, kanga, magauni ya kanisani. Mama Nyemo kavaa viatu vya mumewe, anaburuza. Ndani joto, udi, jasho, mafuta ya nazi, watoto wanalia. Sisi mabenchi ya mbele chini. Wahindi juu, ghorofani. Mlangoni hakuna maandishi yanayosema hivyo. Kila mtu anajua pake.

Nikageuka kabla taa hazijazimwa. Alikuwa safu ya kwanza ya juu, pembeni ya mama mkwe wake. Kanenepa kidogo. Aliniona. Tukageuza shingo wote wawili.

Taa zikazimwa.

Sijui niandikeje rangi. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni maneno, na sina. Mwanzo ni giza, lakini giza la buluu. Kisha buluu inapauka pole pole, kama mtu anafungua mlango wa mbali sana, na ngome inatokea, nyekundu, jiwe kwa jiwe. Kisha miti. Kijani kile hakipo huku kwetu, hata mwezi wa nne mtama unapokuwa juu. Kisha maji. Mto mzima ukapita mbele yetu, mpana kama ukumbi, unameta. Watu wote wakatoa pumzi pamoja, sauti ya chini, kama mtu aliyetua mzigo. Watoto walinyamaza. Mama Nyemo akanishika goti na hakuliachia tena.

Nilikwenda nikiwa tayari kuichukia. Nilikuwa na hesabu ya makosa mdomoni. Farasi ni wengi mno. Kijana ana mafuta mengi kichwani. Kisha binti mfalme akashuka ngazi za jumba na taa ndogo ndogo zimepangwa kila ngazi, sari ya manjano inakokota, na kila taa aliyoipita ilijiinamia kwa upepo wa nguo yake. Nikasahau makosa yangu. Nikasahau hata uso wa yule wa zamani. Nilijiona msaliti na sikujali.

Nilikuwa namtafsiria Mama Nyemo sikioni. Benchi la nyuma wakaomba niongeze sauti. Nikaongeza. Nikasema Kiswahili, mtu wa nyuma yangu akasema Kigogo, pembeni mwingine akasema Kirangi, na maneno yakaenda nyuma mkono kwa mkono mpaka ukutani. Anapocheka binti mfalme, kicheko chetu kinaanza mbele na kumalizikia mlangoni. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Nilikuwa ndani yake na bado nililistaajabia.

Halafu alfajiri. Kisima.

Ndoo ikashuka. Vinanda vikaanza ule mwanzo, na kila aliye ukumbini aliujua. Watu walijivuta mbele kwenye viti. Binti mfalme akauliza. Nani kakuamsha?

Hakuna aliyejibu. Vinanda tu, vitamu, virefu. Binti mfalme yuko peke yake. Anatazama ndani ya kisima, anaona uso wake.

Mama Nyemo akaninong'oneza, "Na yule mwenzake?"

Wamemwondoa. Katika picha nzima, sasa nilielewa, mteka maji hayupo. Wameona binti mfalme anatosha. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Jua linapita katika maji yanayodondoka kwenye ndoo na kila tone ni la dhahabu. Lakini pale jibu linapotakiwa pana shimo.

Binti mfalme akauliza mara ya pili. Nani kakutuma? Vinanda vikaanza kupanda.

Na sauti ikajibu kutoka juu.

Nzito. Haina haraka. Mwili wangu uliijua kabla yangu. Ukumbi mzima ukageuka. Nilimwona Kulsum katika mwanga ule wa mashine, amesimama, mikono kwenye kizuizi cha mbele, anaimba sehemu ya mteka maji neno kwa neno. Kiu imenituma. Mama mkwe wake alimvuta nguo. Hakukaa.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kisima.

Binti mfalme akauliza mara ya tatu, na mimi nikauliza pamoja naye. Sikuamua. Nilijikuta nimesimama, sauti yangu nyembamba ile ile, imekwaruza kwa kutotumika. Kulsum akajibu. Nikauliza. Akajibu. Nadhani ubeti mzima tulikuwa sisi wawili tu na yule msichana wa manjano. Kisha wengine. Wanaojua maneno waliimba maneno, wasiojua waliguna mlio wake. Juu na chini. Bibi mmoja wa Kihindu, nywele nyeupe kabisa, alikuwa anapiga kofi la polepole kwenye kizuizi. Mama Nyemo aliimba kwa Kigogo, sijui maneno aliyapata wapi. Paa la bati lilizipokea sauti likaturudishia.

Na binti mfalme, mkubwa, wa rangi, alikuwa ameinua uso kutoka kisimani, anatazama mbele, kama anasikiliza. Najua ndivyo walivyompiga picha. Najua. Lakini alikuwa anasikiliza.

Siku ya Idi nimesikia umati mzima ukiitikia amin kwa pamoja. Ilikaribia pale. Mungu anisamehe kwa kulinganisha.

Mengine ya picha siyakumbuki vizuri. Kisima hakikufukiwa. Mfalme alisamehe. Taa zikawashwa na wanawake hawakutoka. Walikaa wakitazama kitambaa cheupe.

Nje niliwahi mlango wa ngazi za pembeni. Alishuka, mkono wake umeshikwa na mama mkwe kama unavyomshika mtoto barabarani. Gari lilikuwa linangoja. Alinitazama kupitia kioo. Hakupunga, hakutabasamu. Gari likaondoka.

Jumapili, 20 Februari

Sikulala vizuri. Nikifumba macho naona manjano.

Na nina hasira. Aliweza kuimba mbele ya mji mzima, akashindwa kufungua kioo cha gari.

Jumanne, 22 Februari

Wasichana wanaimba Kisimani uwanjani. Wamejigawa, kundi moja binti wafalme, kundi moja wateka maji, na wanagombania kuwa wateka maji. Nimewaangalia kutoka dirishani mpaka nikaenda kupiga kengele.

Mjini wanasema mengi. Ramadhani kasikia kwa wapagazi wa duka la kina Kulsum. Nyumbani kwake hakukaliki. Mume anasema amekuwa kichekesho kwa wateja. Mama mkwe hasemi naye kabisa. Kuna shauri la kumrudisha Kondoa kwa baba yake kwa muda, mambo yapoe, na mtoto wake wa kiume abaki huku.

Nimeishiwa nguvu za hasira. Nimebaki na hofu. Sikuwahi kuogopa kwa ajili yake tangu tulipokuwa watoto alipopanda juu ya ghala.

Nimefika mpaka kona ya duka lao. Nikaona mlango, nikaona vitambaa vimening'inia. Nikarudi.

Alhamisi, 24 Februari

Amekuja.

Saa saba, jua kali, barabara tupu. Kaja kwa miguu, peke yake, viatu vimejaa vumbi. Zainabu ndiye aliyemwona kwanza, akakimbilia nyuma yangu. Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema karibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Akaketi mkekani. Tukasalimiana, tukaulizana wazazi. Baba yake mzima. Baba yangu alifariki mwaka juzi, hakujua. Akaweka mkono mdomoni. Alimpenda baba yangu, aliyekuwa akimpandisha kwenye mizani tulipokuwa watoto.

Kisha akasema kwa Kirangi. Sikutegemea. Kimechakaa kidogo, lakini ni kile kile cha jikoni kwetu.

"Nilikuona siku ile. Nilijua wanakupeleka uani. Neno langu moja lingetosha ukae na mimi. Nilimwogopa shangazi, sikulisema."

Miaka nimeandaa maneno ya kumjibu. Mengine nimeyasema peke yangu nikiosha vyombo. Yote yalikwisha. Niliuliza tu, "Na Jumamosi hukuogopa?"

"Niliogopa zaidi. Lakini nilipoona wamemtoa mteka maji, na watu wote wametulia, nikasema nikinyamaza na safari hii, sitakuja kusema tena."

Nikamuuliza kuhusu Kondoa. Akasema shauri hilo lilikuwepo. Jana mama mkwe ndiye aliyelizima. Hakutoa sababu. Alimwambia mwanawe tu kwamba mke wake anaimba vizuri na Kondoa ni mbali.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijamsamehe bado, na kwamba sijui itachukua muda gani.

"Sikuja kuchukua msamaha," akasema. "Nimekuja kukualika. Jumapili, chai. Upitie mlango wa mbele. Nitakuwa nimesimama pale mimi mwenyewe."

Sikusema ndiyo. Akainuka. Mlangoni akamwinamia Zainabu, akamuuliza jina, akarudia jina lile taratibu. Nikamtazama mpaka alipokata kona kwa fundi wa baiskeli. Kivuli kilikuwa chini ya miguu yake tu, jua limesimama.

Nilipomwambia Ramadhani, alimaliza tonge lake. Kisha akasema viatu vyangu vyeusi vinahitaji kiraka, na akavichukua.

Jumapili, 27 Februari

Mikebe imekwenda Tabora na treni ya juzi. Ramadhani kaipakia mwenyewe. Ukuta wa sinema una tangazo jingine, mtu na bastola.

Nimekwenda. Zainabu mkononi, gauni la kijivu. Kulsum alikuwa amesimama mlangoni kama alivyosema. Alikuwa amesimama muda, nadhani, maana alikuwa ameegemea mguu mmoja. Tuliingia sebuleni. Viti vya mbao, zulia, saa ya ukutani. Mume alitoka dukani akanisalimu, akarudi dukani. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na dirisha. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Akasema, karibu mwalimu.

Hatukuimba. Hakuna aliyetaja picha. Tuliongea habari za kikohozi cha watoto, na dawa ya tangawizi na asali, na kwamba asali ya Kondoa ni bora kuliko ya hapa. Mama mkwe alisema ya Singida ni bora zaidi. Tukabishana kidogo, kwa adabu. Zainabu na mtoto wa Kulsum walikuwa chini ya meza na gari la mkebe wa sigara.

Kulsum alinimiminia chai. Kisahani kikalia mkononi mwake. Nilikishika upande wa pili mpaka kikatulia.

Jua lilipofika ukutani nikainuka kuaga. Mama mkwe hakuniaga. Alivuta birika upande wake, akakijaza kikombe changu, akakisogeza mbele yangu.

Nikakaa tena.